Pakiti Tupu ya Mama

Nakumbuka siku moja ya soko hapa Chaka, mwanangu, niliposimama kwenye duka la dawa nikamtukana mtu aliyekuwa akimwokoa mama yangu.

Nilikuwa mwalimu kijana, mkali, niliyezoea kunyamazisha darasa zima kwa jicho tu. Baba alipofariki mama alikosa usingizi, na daktari mmoja akamwandikia vidonge vya wiki mbili. Vilipoisha nikabeba pakiti tupu hadi dukani, nikaionyesha, nikauziwa nyingine. Unacheka, lakini hata leo watu hufanya hivyo. Mimi nilifanya miaka minne. Mama alilala, nami nikalala, na asubuhi nikaenda kufundisha. Alipoanza kutia chumvi kwenye chai na kuniuliza mimi ni mtoto wa nani, nilisema ni uzee.

Siku hiyo nilimkuta muuzaji mpya, Nafula, msichana kutoka Bungoma. Aliigeuza ile pakiti, akaniuliza, "Mwalimu, mama aliandikiwa za siku ngapi?"

"Wiki mbili."

"Na sasa ni mwaka wa ngapi?"

Niliwaka! "Ati unanihoji? Unauza ama huuzi?"

"Siuzi," akasema, bila kupandisha sauti. Akanieleza kwamba alikuwa akisoma kazi za watafiti: hizi dawa za zamani za usingizi, zikitumiwa muda mrefu, wanazishuku kuharibu ubongo, hasa wa wazee. "Hawajakubaliana wote, na mimi siwezi kuapa. Lakini nataka nimwone mama. Na usizikatize ghafla, hiyo ni hatari."

Nilimwita mtoto asiye na adabu, mbele ya wateja. Yeye akafunga duka, siku ya soko, hebu fikiria, akanifuata hadi nyumbani. Akaketi na mama jikoni, akimwita cucu, yaani nyanya, akamsikiliza, kisha akamwandikia barua daktari wa Nyeri. Daktari akapunguza dawa kidogo kidogo, kwa miezi. Tulitaabika! Mama alilia, alinigombeza, nami nikasinzia mbele ya wanafunzi.

Hadi asubuhi moja mama alipoonja chai akakunja uso: "Wanjiru, sukari imeisha hapa nyumbani?"

Jina langu! Nililia sana. Nikampelekea Nafula jogoo, nikamwomba msamaha mbele ya wateja vilevile. Si yote yaliyorudi. Mazishi ya baba, mama hakuyakumbuka tena, na kama ni dawa au ni umri hakuna aliyeweza kuniambia. Nafula mwenyewe hakujifanya anajua. Kwa hilo namheshimu kuliko wengi niliowahi kuwaita daktari.

Basi mwanangu, ijue dawa ya mzazi wako: nani aliiandika, kwa nini, na ya siku ngapi. Ukiona anabadilika, muulize daktari kabla ya kusingizia uzee, wala usimwachishe dawa mwenyewe. Na akitokea kijana wa kukuambia hapana, meza hasira umsikilize. Mimi nilikuwa nikimnunulia mama usingizi ili nilale mimi.

Mungu akupe usingizi wako mwenyewe, na ukizeeka, uamke ukilijua jina la anayekuletea chai.