Somo la Saba la Profe Ninalo, na Binti Yake Analitafuta

Admin, ficha jina langu, na mtaa wangu usiutaje. Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini kasoro mmoja, mume wa mtu, baba wa watoto watatu, mzaliwa wa Bujumbura. Kazi yangu ni kompyuta. Kabila langu silitaji, maana najua mtaacha kisa mgombane kwenye maoni, na ugonjwa huo ndio ulionifikisha hapa.

Wakati wa corona nilisikia watu wakisifu kusoma mtandaoni utadhani kumezaliwa jana. Nilicheka peke yangu. Sisi tulisoma hivyo vita vikiwa mwaka wa tano, wanafunzi kumi na wawili wa informatique na kompyuta moja iliyounganishwa na waya wa simu. Mwalimu wetu, tuliyemwita Profe, alikuwa ametoroka. Vijana wenye visu walikuwa wameingia bwenini wakawachinja wenzetu wa kabila lake vitandani, na yeye alikuwa anafuata. Tuliambiwa amevuka mpaka. Lakini kila wiki somo lilikuja kwa barua pepe, na chini yake aliandika, "Kompyuta haina kabila." Tukaamini. Mimi ndiye niliyekuwa nachapisha, wenzangu wananakili.

Somo la sita lilihusu barua pepe yenyewe. Profe alitueleza kwamba kila barua hubeba mistari iliyofichwa, inayoonyesha mashine ilikotoka. Mwanafunzi hodari hujaribu alichofundishwa, si ndiyo? Nikafungua mistari ya barua yake mwenyewe. Kumbe hakuvuka popote. Mashine ilikuwa na jina la ghala moja la samaki huko Ruziba, hapa hapa kando ya ziwa.

Ningenyamaza. Lakini mdomo uliponza kichwa, tena kichwa cha mwenzangu. Nilimwambia Dede, nimwite hivyo, niliyelala naye chumba kimoja, kwa majivuno tu, aone nilivyo mjanja. Nilijua anatembea na wale vijana. Nilijua, msinitetee.

Kesho yake asubuhi alinifuata kwenye chumba cha kompyuta, akaweka guruneti kando ya kibodi, taratibu, kama mtu anayeweka kikombe cha chai.

"Umuandikie Profe. Umuambie haujafahamu leçon. Midi pile akuwe kwa machine, akujibu."

"Dede, mutamufanya nini?"

"Tutamusalimia tu. Ao we unataka tukusalimie wa kwanza?"

Niliandika. Niliuliza hivi: "Profe, kama barua huonyesha inakotoka, mtu anayejificha ajilinde vipi?" Miaka yote hii najiambia kwamba swali lile lilikuwa onyo, kwamba nilitaka ashtuke akimbie. Lakini kama lilikuwa onyo, mbona niliongeza, "Naomba unijibu saa sita kamili"?

Saa sita ikapita, jibu halikuja. Saa tisa Dede aliingia na wenzake wawili, wamebeba kompyuta iliyofungwa kwa kitenge. Damu ilikuwa imemkaukia kifuani. Alinisimulia huku akicheka. Mlinzi wa ghala walimpiga rungu hadi kichwa kikapasuka. Profe walimkata mikono kwanza kwa panga, eti asiandike tena, kisha shingo.

"Cadeau yako hii," akaniambia, akinikabidhi kompyuta ya Profe kama zawadi. "We ndiye ulituonyesha njia."

Katikati ya herufi za kibodi damu ilikuwa bado mbichi. Niliifuta kwa pamba na spiriti, herufi moja moja, hadi pamba ikatoka nyeupe. Na mashine ile sikuitupa. Nilimalizia masomo yangu kwayo, nikafaulu vizuri sana. Nichukieni, mimi mwenyewe najichukia.

Ndani yake nilikuta faili ambalo halikuwahi kutumwa, somo la saba. Profe alikuwa na tabia ya kuhifadhi kila mstari, umeme wetu wa kukatika ulimfundisha hivyo. Linaanza, "Mwanafunzi wangu mmoja ameuliza swali nililokuwa nikilisubiri," na amenitaja jina. Ni ukurasa mmoja na nusu, halafu linakatika.

Dede alikufa mwaka uliofuata, guruneti lilimlipukia mkononi. Wale wawili sijui waliko. Nikadhani yamekwisha.

Mwezi uliopita binti wa Profe alinipata Facebook. Baba yake aliuawa yeye akiwa na miaka miwili. Siku hizi anafundisha vijana kompyuta mtandaoni, bure, wa kabila lolote, na anataka kuweka huko masomo ya baba yake ili watu wamjue. Amekusanya la kwanza hadi la sita. Akanipigia simu, akaniita kama mjomba wake.

"Tonton, mama anasema asubuhi ile alimuacha baba anaandika ya saba. Watu wote wananiambia ni we ulikuwa unachapa. Haikukufikia kweli?"

"Apana, mutoto wangu. Haikufika."

Akanishukuru. Akaniombea na baraka! Nilikata simu nikaingia bafuni, nikafungua maji ili mke wangu asinisikie nikilia.

Nikimtumia, atauliza nimelipata wapi, na jibu ni moja tu, kwa sababu halikuwahi kutoka kwenye mashine ile. Nitaangukia jela, na wanangu watajua baba yao ni nani. Nikinyamaza, nimemuua Profe mara ya pili. Jana ameniandikia tena. Siku ya kuzindua masomo anataka nikae mbele kama mgeni wa heshima, nieleze baba yake alivyokuwa anafundisha.

Sentensi ya mwisho ya somo la saba inasema hivi: "Anayejificha halindwi na mashine, analindwa na yule anayejua alipo, kwa hiyo wewe"

Hapo ndipo walipoingia. Ndugu zangu, nishaurini. Siku hiyo niende mikono mitupu, au niende nalo?