Maziwa Niliyokunywa Rudewa

Mimi ni mtu wa kuropoka. Mama yangu, anayeuza chai na chapati kwa madereva wa malori pale Mikumi, husema mdomo wangu ungekuwa na breki ningeshaolewa zamani. Siku moja tu niliyopaswa kuropoka, nikafunga mdomo.

Nilikuwa nasoma shahada ya pili kwa fedha za serikali. Ada, posho ya kujikimu, vifaa vya maabara, vyote vilitoka kwenye fungu la utafiti lililokuwa chini ya mkuu wetu wa mradi, mtafiti wa siku nyingi aliyenikuta nikiosha chupa za maabara akasema huyu anafundishika. Bila fungu lile ningekuwa bado nasukuma chapati kando ya barabara kuu ya Iringa. Silitukani. Lilinifundisha kushika sindano bila kutetemeka na kuandika ripoti mtu akaielewa. Lakini mwaka wa serikali unafungwa mwisho wa Juni, na kazi isiyofanyika kufikia hapo, fedha yake inarudi Hazina na mwanafunzi anabaki anatoa macho.

Tulikuwa tunautafuta ugonjwa wa kutupa mimba. Ng'ombe akiupata, mimba inaharibika. Mtu anaupata kwa maziwa mabichi, anashikwa na homa za kuja na kuondoka, jasho, viungo vinauma, anameza dawa za malaria mpaka anachoka. Mwanamke mjamzito anaweza kupoteza mtoto. Mpango ulikuwa na awamu mbili: kwanza kuchukua damu za wafugaji upande wa Rudewa, kisha, bajeti mpya ikishatoka, kurudi na majibu, kuwatibu waliougua na kuwafundisha watu kuchemsha maziwa. Nilimuuliza mkuu kwa nini tusiwafundishe hukohuko mwanzoni. Akasema tukiwaambia habari ya maziwa kabla ya kuwapima, watabadilisha desturi zao katikati ya utafiti na hatutajua tulichopima. Nikasema sawa, mkuu. Anayesomeshwa habishi.

Fedha ya awamu ya kwanza ilichelewa, ikatoka Juni imeshaingia. Nilipanga chumba Kilosa, karibu na stesheni, na kila asubuhi nilipanda bodaboda na boksi langu la barafu kwenda kwenye maboma. Maboma matatu walinikatalia. Walikuwa wametoka kugombana na wakulima juu ya ardhi, na mgeni mwenye fomu na kalamu hawakumtaka hata kumwona. Nilirudi chumbani siku hizo nikilia kwa hasira, jamani, nikihesabu siku zilizobaki.

Boma la nne nilimkuta mwanamke aliyenizidi umri kidogo, mjamzito wa miezi mitano. Alikuwa anauza maziwa Kilosa mjini, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Mimba zake mbili za nyuma zilikuwa zimetoka. Nilipomweleza shida yangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Daktari, hiyo damu itasema kwa nini watoto wangu hawakai?"

"Mimi si daktari, dada," nikamwambia. "Lakini inaweza kusema."

"Basi chukua yangu. Na wenzangu nitawaita."

Walikuja wanawake kumi wakakaa kwenye kivuli cha zizi. Nikadhani mambo yamenyooka. Loo! Mama mkwe wake akatoka ndani na kibuyu na bakuli. Nikainama, "Shikamoo mama." "Marahaba," akajibu, akanimiminia bakuli mpaka juu, maziwa yana joto la ng'ombe bado, povu limesimama. Akasema jambo kwa lugha yao, na mkwewe akanitafsiria, "Anasema, mgeni asiyekunywa maziwa yetu anataka damu yetu ya nini?"

Hakukuwa na mtu katika wilaya nzima ya Kilosa aliyejua hatari ya bakuli lile kuliko mimi. Nilikuwa na kurasa arobaini za tasnifu zinazoieleza. Ningeweza kusema tumbo linauma. Ningeweza kusema nimefunga. Wanawake kumi na mmoja walikuwa wananitazama, na Juni ilikuwa inaniishia. Nikapiga moyo konde nikanywa mpaka chini. Yalikuwa matamu, na hilo linaniudhi mpaka leo.

Wakacheka, wakapiga makofi, wakakunja nguo mabegani. Yule mjamzito akawa wa kwanza. Nilikuwa nimeshaingiza sindano, damu inapanda kwenye kichupa, aliposema kwa furaha kabisa, "Unajua, nesi wa kliniki alinikataza haya maziwa mabichi. Tangu mimba hii ianze nachemsha yangu peke yangu, na mama mkwe ananuna, anasema naharibu maziwa. Kumbe daktari mwenyewe anakunywa!"

Hapo ndipo nilipopaswa kuropoka. Sentensi moja tu: dada, endelea kuchemsha. Lakini mama mkwe alikuwa amesimama palepale na kibuyu chake, na mikono kumi ilikuwa inasubiri nyuma yake. Nikajisemea, nitamwambia nikirudi na majibu. Nikachomoa sindano, nikambonyezea pamba, nikasema, "Asante dada, mwite mwenzako."

Jioni ileile Kilosa nilipima. Ni kipimo chepesi: unachanganya tone la maji ya damu na tone la dawa ya rangi ya waridi, ukiona chengachenga, ugonjwa upo. Za wanawake wanne ziliganda chengachenga. Ya kwake ilibaki laini, safi kabisa. Nesi yule wa kliniki alikuwa amefanya kazi yake.

Julai ikaja, mwaka mpya wa serikali, na awamu ya pili haikuja. Agosti tukaambiwa subirini. Majibu yalikuwa hayaruhusiwi kutoka mpaka yathibitishwe, na dawa za kuyathibitishia zilikuwa kwenye hiyohiyo awamu ya pili. Nikaenda kwa mama Mikumi kuandika tasnifu yangu mezani pake, katikati ya vikombe. Huko ndiko homa iliponishika. Jasho mpaka shuka linakamuliwa, magoti hayakunjiki. Nilipomweleza mama nilivyoupata aliacha kukanda unga. "Serikali inakusomesha miaka yote hii, na maziwa ya kuchemsha yanakushinda? Mimi na ujinga wangu sijawahi kumpa dereva chai mbichi!"

Nilijipima mwenyewe. Chengachenga. Nilijua vidonge gani ninunue na ninywe kwa wiki sita, na siku hiyohiyo nilivinunua. Ndipo, nimelala na glasi ya maji mkononi, nikaogopa kweli. Kama bakuli lile limenipata mimi, na yule dada mjamzito je, kama tangu Juni anakunywa kila siku kwa sababu aliniona mimi nanywa?

Sikumwuliza mkuu. Nikapanda gari kupitia kijiji cha Ulaya mpaka Kilosa, magoti yananiuma kila tuta, nikachukua bodaboda mpaka bomani kwake. Ilikuwa mwisho wa Septemba. Alikuwa amekaa mlangoni, tumbo halipo. Nikatafuta kwa macho kitoto mgongoni mwa mtu yeyote pale bomani. Hakikuwepo.

"Alizaliwa ameshakufa," akasema. "Wiki ya tatu sasa. Wa kiume."

Akasogeza kigoda nikakaa. "Umeleta majibu?"

"Nimeleta. Damu yako ya Juni ilikuwa safi, dada."

"Safi?" Akafikiri. "Sasa nini kimemuua?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, maziwa, ng'ombe, homa, na nesi alivyokuwa sahihi. Alikuwa na homa kwa wiki nyingi, akasema, na maumivu ya viungo, na alidhani ni mimba tu. Kisha akanitazama.

"Lakini wewe ulikunywa."

"Nilikunywa."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Nilisubiri anitukane. Heri angenitukana. Akakunja nguo begani, akaninyooshea mkono uleule wa Juni. "Basi chukua tena. Uandike na hii." Nikamwambia sina sindano. Sikuwa na kitu, vifaa vyote vilikuwa vinasubiri awamu ya pili. Mkono wake ulibaki umenyooshwa kwa muda, kisha akashusha nguo yake.

Fedha ilitoka Februari. Tulirudi na dawa, tukawatibu, yeye pamoja nao, na tukafundisha kuchemsha maziwa kwa picha nzuri za rangi. Nilihitimu mwaka uleule, na sasa fungu hilohilo linanilipa kufundisha wengine. Tasnifu yangu ipo maktabani, na nambari niliyoipa damu ya yule dada Juni ile imo ndani. Yupo kwenye jedwali la pili, upande wa wasio na ugonjwa.