Maji Aliyomwagiwa Devota

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, huwa inanijia nikiwa popote: nikiwa Ifakara nasubiri gari, nikiwa Songea kwenye chumba cha kupanga, mara moja hata nikiwa kanisani katikati ya mahubiri. Nimehamahama sana maishani, na mengi niliyoyaona njiani yamenitoka kichwani. Hiyo haijanitoka. Nikiikumbuka, mwili hunisisimka kana kwamba mambo yenyewe yametokea leo asubuhi.

Juzi uliniuliza umfanyie mwanao sherehe gani ya kuzaliwa, isiyokukausha mfuko lakini mtoto aikumbuke. Uliuliza kwa aibu kidogo, kama mtu anayeona si jambo la kumsumbua mwenye mvi. Ni jambo kubwa. Kuhusu gharama nitakujibu kwa kifupi, kwa kuwa huko hakuna ugumu. Kuhusu kukumbuka, kaa kitako. Watoto wanakumbuka, mwanangu, na mara nyingi si kile tulichowaandalia.

Nilikuwa kijana, utingo wa lori la mboga. Tulikuwa tukipakia kabichi na karoti Mgeta, tunateremka nazo Morogoro, kisha Dar es Salaam. Nikipata nafasi nilishukia Kingolwira kwa dada yangu Agnesi, aliyekuwa akiishi ng'ambo ya reli na wanawe. Mumewe alikuwa fundi ujenzi, muda mwingi yuko Dodoma. Mtoto wake wa kwanza ni Devota, binti mtulivu, mwenye tabia ya kukutazama kwanza kabla hajajibu. Mwaka huo alikuwa anatimiza miaka minane, na hakuwahi kufanyiwa sherehe hata siku moja. Alikuwa anakwenda za wenzake, anarudi na puto lake moja, analitunza mpaka linanywea.

Dada alipanga vizuri, na hapo mwige. Keki alipikiwa na jirani kwa jiko la mkaa, moto chini na moto juu ya mfuniko. Mimi nilileta njegere na karoti za pilau, na tenga la plamsi za Mgeta, zile nyekundu ambazo mtoto akiuma moja mdomo wote unabadilika rangi. Wakakaanga bisi, wakachemsha ukwaju. Maputo yalifungwa kwenye kamba ya kuanikia nguo. Gauni alilishona fundi wa mtaani kwa kitenge cha dada mwenyewe. Waalikwa walikuwa watoto wa jirani na wa darasani kwake, basi. Hakuna aliyechangishwa, hakuna aliyekopa.

Mama yangu, Bibi Koleta, aliteremka nasi kutoka mlimani kwa ajili ya mjukuu wake. Alikaa mbele na dereva, kikapu magotini, na kila kona ya mlima alikuwa na neno.

"Dereva, hizo breki unazikanyaga au unaziomba?"

"Zipo, bibi, usiwe na wasiwasi."

"Sina wasiwasi. Nauliza kama nisali rozari yote au nusu."

Tulifika tukiwa tunacheka. Nakwambia hili ujue kwamba siku ilianza vizuri, na hakuna mtu aliyeamka na nia mbaya.

Sasa, desturi yetu unaijua. Mwenye siku yake ya kuzaliwa lazima alowe. Maofisini wanamwagiana maji, mashuleni ndiyo usiseme, wengine wanaongeza na unga. Na kabla ya maji lazima azinguliwe kwanza: anaundiwa kesi ya uongo, anagombezwa mpaka jasho limtoke, halafu ndoo inamshukia na watu wanaimba. Watu wazima wanacheka mpaka wanakaa chini. Basi, Mama Zaituni, jirani wa dada na mcheshi wa mtaa mzima, akasema Devota naye azinguliwe ili siku inoge. Kesi itakuwa simu. Yeye atakuja juu kwamba kitochi chake, ile simu ndogo ya vitufe, kimeibwa, dada atamkazia mtoto, na mtoto akianza kukataa na kulia, wasichana wawili waliojificha nyuma yake na ndoo wataachia maji. Nilipoambiwa nilicheka. Nilikuwa nimeona watu wengi wakifanyiwa hivyo.

Alasiri watoto wakajaa uani. Devota amekaa katikati ya mkeka na gauni lake, hataki hata kuegemea lisije likakunjika. Mama Zaituni akaingia na kelele zake.

"Agnesi! Agnesi, mwite mwanao hapa! Simu yangu iko wapi?"

Dada akatoka ndani, uso ameukunja. Alijua kuigiza, dada yangu.

"Devota, umechukua simu ya Mama Zaituni?"

"Mimi?"

"Kwani kuna Devota mwingine hapa? Umeonekana ukitoka chumbani kwake. Sema!"

Mtoto akasimama. Akawatazama wenzake, akayatazama maputo, kisha akamtazama mama yake kwa muda mrefu. Nilikuwa nimesimama upande, nikauona ule uso ukibadilika. Haukuwa uso wa mtu anayejiandaa kubisha. Ulikuwa uso wa mtu mzima aliyechoka.

"Ni mimi," akasema.

Mama Zaituni akabaki mdomo wazi. "Ni wewe?"

"Ndiyo. Nisameheni. Mama, naomba unipigie ndani. Usinipige mbele ya wenzangu."

Alisema kwa sauti ndogo mno. Wale wasichana wa nyuma hawakusikia. Walichoona ni kwamba watu wamenyamaza, wakadhani ndiyo zamu yao. Ndoo zikamshukia, moja halafu nyingine, maji ya mtungini, baridi. "Hepi bethdei!" Watoto wakapiga makofi, wengine wakadakia wimbo. Na Devota, mwanangu, amesimama pale mikono imenyooka ubavuni, maji yanachuruzika kwenye nywele, anasema, "Nimeshakubali. Nimeshakubali, jamani, basi."

Alidhani yale maji ndiyo adhabu.

Wimbo ulikufa sauti moja moja. Wa mwisho alikuwa mtoto mdogo sana aliyeendelea kupiga makofi, mpaka dada yake akamshika mikono. Mama Zaituni akachomoa kitochi kifuani. "Simu hii hapa, mama. Hii hapa, iangalie! Tulikuwa tunakutania." Devota akaitazama simu, wala hakucheka.

"Kwa hiyo hukuchukua?" dada akamuuliza.

"Sikuchukua."

"Sasa kwa nini umesema ni wewe?"

"Ile siku ya sukari nilisema si mimi, ukanipiga mpaka nikasema ni mimi. Leo nimesema mapema."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuelekeza dukani. Kisha akauliza, "Nikabadilishe nguo?" na bila kusubiri jibu akazunguka nyuma ya nyumba.

Mwanangu, nimewahi kuona lori likiserereka mlimani na watu ndani. Sikupigwa butwaa kama nilivyopigwa pale uani. Dada alikaa juu ya kreti la soda. Sukari yenyewe ilikuwa ya wiki kadhaa nyuma, ilimwagika sakafuni, nani aliyeimwaga hatujui mpaka leo. Hakuna aliyekuwa akiifikiria tena, isipokuwa mmoja.

Mama yangu ndiye aliyesema kwanza. Alianza kwa Kiluguru, haraka haraka, kisha akageuza Kiswahili ili majirani wote wapate.

"Mchezo gani huu? Mnamwita mtoto mwizi, mnamlowesha, halafu mnataka afurahi?"

"Ni utani tu, mama," dada akasema. "Kila mtu anafanya."

"Yeye alijua ni utani?"

Mama akanigeukia mimi.

"Na wewe je? Mjomba mtu! Kwetu mtoto akisingiziwa, mjomba ndiye wa kwanza kufungua mdomo. Wewe wako umejaa bisi."

Ni kweli ulikuwa umejaa bisi. Wewe unajua sisi Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ana neno lake. Nikameza, nikaenda nyuma ya nyumba. Nikamkuta Devota amevaa gauni la zamani, anakamua lile jipya, analikung'uta vizuri ili lisiharibike.

"Mjomba, keki bado itakatwa?"

"Itakatwa. Inakusubiri wewe."

"Wakate tu. Mimi nitakaa huku."

"Kwa nini?"

"Wanajua mimi ni mwizi."

"Mama Zaituni si amewaonyesha simu?"

"Simu, ndiyo," akasema. "Na sukari je?"

Kule uani watoto wote walikuwa wamesikia habari ya sukari kutoka mdomoni mwake mwenyewe, na kesho yake wangekuwa naye darasani. Nikarudi, nikamnong'oneza dada maneno hayo kama yalivyo. Mama Zaituni, ambaye sasa alikuwa anafuta machozi kwa upindo wa kanga, akasema, "Mpe zawadi yake sasa hivi, shoga yangu, atasahau. Watoto hawa!" Wanawake wengine wakakubali. Ndivyo tulivyolelewa wengi wetu. Mzazi akikosea, humkaangia mtoto yai, au humnunulia soda, mambo yakaisha bila kutajwa.

Zawadi ilikuwa mdoli, ndani ya karatasi ya kung'aa. Dada aliichukua, akaishika kidogo, akairudisha mezani. Akaenda nyuma ya nyumba mwenyewe. Alirudi amemshika Devota mkono, wakasimama mbele ya mkeka.

"Nyie watoto, nisikilizeni," akasema. "Devota hajachukua simu ya mtu. Na ile sukari iliyomwagika nyumbani kwangu, Devota aliniambia si yeye. Sikumwona akiimwaga. Nilimpiga kwa hasira zangu. Yeye alisema ukweli, mimi nikamlazimisha aseme uongo." Akapiga magoti pale pale kwenye matope ya yale maji. "Devota, mama yako anakuomba msamaha."

Mwanamke mmoja alifunika mdomo kwa kanga. Mwingine nilimsikia akisema, "Yesu na Maria." Mzazi kumpigia mtoto magoti, mbele za watu! Mtaa ule haukuwahi kuona. Mimi mwenyewe sikujua niangalie wapi.

Devota hakumkumbatia mama yake. Aliwatazama wenzake kwanza, mmoja mmoja, kuhakikisha wamesikia. Msichana mmoja akasema, "Mimi nilijua tu si Devota."

"Ulijua nini wewe? Hata hukuwepo!" akadakia mvulana mmoja.

"Nilijua!"

"Muongo!"

"Muongo wewe, mla plamsi za watu!"

Watoto wakaangua kicheko, na kicheko hicho ndicho kilichotuokoa. "Mama, inuka," Devota akasema. "Gauni lako linachafuka."

Keki ilikatwa. Kwenye kulishana alianza na bibi yake, akaja kwangu, akaenda kwa watoto wote bila kumruka hata mmoja, akamlisha na Mama Zaituni. Mama yake alikuwa wa mwisho. Alipomfikia, mkono ukasimama hewani. Dada alibaki amefungua mdomo, anasubiri, na hakuna aliyethubutu kutania. Kisha akamlisha. Kipande kilikuwa kidogo, lakini alimlisha.

Devota sasa ni mama wa watoto wawili. Mwaka jana nilipopita kwake nilimuuliza anakumbuka nini cha siku ile. Gauni hakulikumbuka rangi. Keki hakukumbuka ladha. "Nakumbuka mama alivyosema mbele ya wenzangu," aliniambia. "Baada ya siku hiyo akiniuliza kitu, nilikuwa namjibu ukweli." Nikatoka nje kidogo, nikajifanya napokea simu.

Basi sikiliza, mwanangu. Keki ya mkaa inatosha. Alika watoto ambao mwanao anawataja majina akiwa anacheza, usialike watu wa kukutazama wewe. Pika anachokipenda yeye, hata kama ni chipsi. Muulize mapema anataka nini, utashangaa jinsi alivyo na mahitaji madogo. Na akitaka kumwagiwa maji, mmwagie akiwa anakimbia na kucheka, jua likiwa kali, naye awe na kopo lake la kukurudishia. Lakini usimwundie kesi. Mtu mzima mwenzako akizinguliwa anajua kesho atasimulia. Mtoto hajui. Ukimkunjia uso, kwake huo ndio uso wako.

Na kabla ya siku yenyewe, kaa naye chini, wawili tu, umuulize kama kuna siku ulimwonea. Usimkatize. Kama ipo, mwombe radhi, na kama ulimwonea mbele za watu, mwombe mbele za watu hao hao. Itakuuma. Hutachangisha mtu, hutakodi kiti, na ataikumbuka mpaka atakapokuwa na wanawe.

Mungu akuzidishie kipato na subira. Ailinde nyumba yako, awakuze wanao wakiwa na afya. Na mwanao siku moja akikutazama usoni na kusema, "Si mimi," Mungu akupe moyo wa kumwamini.