Mkanda Uliofunika Beji

Miaka ile nilikuwa fundi wa viti katika karakana ya magari ya kampuni ya shaba, Lubumbashi. Watu wakisikia fundi wa viti hudhani ni sindano na sponji tu. Mikanda ya usalama nayo ilikuwa juu yangu, kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Makanika walisema mkanda ni kitambaa. Nikasema sawa, kitambaa ni changu. Habari zake nilijifunza katika vitabu vidogo vya Kifaransa vilivyokuja na magari mapya, ambavyo madereva walichana kurasa zake kufungia karanga. Nilivisoma polepole, kamusi mkononi, na sikuamini jambo lolote mpaka nilipolijaribu kwenye gari.

Magari ya zamani yalikuwa na mkanda wa kurefusha kwa mkono. Mapya yalikuwa na mkanda unaojikunja wenyewe: chini ya nguzo ya mlango kuna kibweta, na ndani yake springi inayovuta. Gari likishtuka, kibweta kinafunga na mkanda unamzuia mtu. Hiyo ndiyo kazi yake nzuri. Ubaya ni kwamba springi haipumziki. Inakuvuta hata gari likitembea kwa utulivu, inakubana kifua kutwa nzima, na katika joto la mwezi wa kumi inakuachia mfereji wa jasho na upele.

Mwenye mifupa mizima huvumilia. Shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, hakuwa na mifupa mizima. Kabla ya kuwa dereva alifanya kazi chini ya ardhi Kambove, jiwe likamvunja mtulinga, ule mfupa ulio kati ya shingo na bega, upande wa kushoto. Ukaunga vibaya, ukaacha kinundu chini ya ngozi. Kwetu usukani uko kushoto, kwa hiyo mkanda wa dereva hushuka kutoka bega la kushoto. Ulikuwa unapita juu ya kinundu hichohicho, ukisugua. Kwa sababu hiyo shemeji aliukalia badala ya kuufunga.

Dada yangu alikuja karakana mwenyewe. "Yaya," akaniambia, maana ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa, "ule bwana atakufa mu ile gari. Kila siku barabara ya Likasi, na malori yale. Weye njo fundi. Fanya kintu."

Nikafanya kibanio. Vipande viwili vya bati gumu, ngozi ndani yake ili visikate mkanda, na skrubu ndogo ya kugeuza kwa vidole. Kilibana mkanda pale unapotokea begani, kikaizuia springi kuurudisha wote. Mtu alikisogeza juu au chini mpaka akae vizuri, kisha akakikaza. Mwezi wa sita, baridi ikiingia na watu wakivaa makoti, alikisogeza tena. Jambo moja tu nililisisitiza: nafasi kati ya mkanda na kifua isizidi vidole viwili. Mkanda uliolegea zaidi ya hapo hukuacha ukimbie kwanza, halafu ndipo ukudake, na kama usukani uko karibu kuliko huo mdako, mkanda haujafanya kitu.

Tulijaribu nyuma ya karakana. Shemeji alikwenda kasi, akapiga breki, akarudi anacheka.

"Shemeji, zamani hii mukanda ilikuwa nanishika kama polisi. Leo iko nanishika kama bibi yangu."

"Mkeo akusikie."

"Akisikia ataongeza nguvu, na kibanio yako itavunjika."

Akaanza kujifunga kila siku. Dada akaniletea samaki wa Pweto, wale wakavu wakubwa, na mimi nikadhani kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha, kwa sababu ya beji. Kila mfanyakazi alipaswa kuvaa beji ya Chama yenye sura ya Rais, kifuani, kushoto. Asubuhi tuliimba na kucheza mbele ya bendera kabla ya kushika chombo chochote, na getini alisimama kijana wa Chama aliyekagua mavazi na vifua. Chukua kipande cha uzi ukipime: mkanda wa dereva, ukitoka bega la kushoto kwenda nyonga ya kulia, unapita palepale beji ilipo. Mkanda wa abiria wa mbele unatoka bega la kulia, hauigusi. Na wakubwa walikaa nyuma, ambako hapakuwa na mkanda kabisa. Kosa lilikuwa linawezekana kwa dereva peke yake.

"Sitwayeni," kijana wa getini akamuuliza shemeji asubuhi moja, kwa neno la Chama la kumwita kila raia, "beji iko wapi?"

"Iko hapa, chini ya mukanda."

"Chini? Sura ya Mukubwa iko chini ya mukanda?"

"Mukanda iko namuchunga na yeye, asianguke."

Madereva wawili waliokuwa nyuma walicheka. Nafikiri kicheko chao kilimponza kuliko maneno yake. Aliandamwa tangu siku ile. Akajaribu kuwa mwema: akaitoa beji kwenye shati, akaichomeka juu ya mkanda wenyewe, mbele, mahali panapoonekana. Kijana wa getini akaridhika, akampungia mkono apite. Shemeji akaegesha, akalegeza kibanio, akafungua mkanda ili ashuke akacheze na wenzake. Springi ikafanya kazi yake. Mkanda ukapanda mbio, beji ikagonga bati la kibanio, ikajikunja na kukwama pale, sura ikiwa imekwaruzwa kutoka paji la uso hadi kidevu.

"Gari imemumeza!" mtu mmoja akapiga kelele, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Shemeji alifungiwa kwenye chumba cha walinzi mpaka kesho yake. Mimi niliitwa kwa mkurugenzi wa usafiri, kwa kuwa kibanio kilikuwa changu. Kijana wa getini alikuwa ameketi, mimi nimesimama. Nikaeleza jinsi mkanda unavyopita. Nikapendekeza madereva wavae beji kulia.

"Moyo uko upande gani, sitwayeni?" kijana akaniuliza.

"Karibu na katikati," nikasema, kwa sababu ndivyo ulivyo.

Alinitazama kana kwamba nimetukana. Nikapendekeza basi beji iwekwe juu ya kofia. Mkurugenzi akasema kofia huvuliwa, na beji haivuliwi. Kisha akatoa uamuzi, na bado nikiukumbuka damu yangu inachemka. Mkanda usiondolewe, maana sheria ya usalama imebandikwa getini na wageni huisoma. Beji nayo isifunikwe. Kwa hiyo madereva wote wafungiwe kibanio kama changu, na kilegezwe mpaka mkanda uning'inie chini ya beji.

Nilikaa ndani ya gari nikapima walichokitaka. Mkono wangu ulipita kati ya mkanda na kifua, kiganja, kigasha, mpaka kiwiko. Nikarudi kumwambia mkurugenzi kwamba ule si mkanda tena, ni mapambo.

"Mapambo pia yana kazi yake," akajibu, na akainamia karatasi zake.

Alikuwa mtu mwenye akili. Sikuweza na siwezi kumsingizia ujinga, na hilo ndilo linalonikasirisha. Alijua. Sheria mbili zilitakiwa zionekane zimetiiwa, na kilichobaki katikati yake kilikuwa kifua cha mtu. Na walichokitumia kukiacha wazi kifua hicho ni kile kibanio nilichokitengeneza ili mtu asiumie.

Nilimwambia shemeji ajilinde mwenyewe: akitoka getini, asimame pembeni, akaze mpaka vidole viwili; akirudi, asilegeze mpaka awe mbele ya geti kabisa. Alifanya hivyo. Lakini jioni geti huwa na foleni, na kijana yule alikuwa na macho marefu, akipenda kusogea kandokando ya magari akichungulia vifua. Siku moja, akiwa bado yuko mbali kidogo na geti, shemeji alimwona anakuja, akalegeza. Lori la madini likatoka kinyumenyume kwenye njia ya pembeni, wakagongana. Hawakuwa na kasi. Kwa kasi ile, mtu aliyefungwa vizuri hushuka akatukana na kwenda kunywa chai. Yeye alirushwa mbele, usukani ukampiga kifuani. Mtulinga ulivunjika tena mahali pale pale, na mbavu mbili pamoja nao.

Nilimkuta hospitalini amefungwa bandeji mpaka shingoni, dada yangu akimlisha uji. Tulikuwa hatujasema mengi mkurugenzi alipoingia, na mfuko wa machungwa, na kijana wa getini nyuma yake. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walijinyoosha kwa heshima. Mkurugenzi aliweka machungwa mezani, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia:

"Umushukuru Mungu mukanda ilikuwa imelegea. Ingekuwa imekaza, ingekuvunja yote."

"Ndiyo, ndiyo," wakaitikia vitandani.

Hapo nilisimama. Sikupanga. Nikasema kwamba huo ni uongo. Kwamba mtu mzima hapaswi kuvunjwa kifua kwa ajili ya kipande cha bati cha kuchomeka shatini, na anayejua hivyo akanyamaza ni mbaya kuliko lori.

Kijana wa getini akanisogelea.

"Sitwayeni, uko nasema na nani?"

Nilijua jibu langu litanipeleka wapi. Kabla sijafungua mdomo, sauti ikatoka kwenye bandeji.

"Iko nasema na mie," shemeji akasema. "Njo shemeji yangu. Tangu asubuhi iko nanigombeza."

Basi nikamgeukia yeye, nikamgombeza. Nilimwita asiye na haya. Nilimwita mtu anayekaa nyuma ya gari na kuamua juu ya kifua cha aliyeko mbele. Nilimwambia maisha ya watu si mapambo ya geti, nikamuuliza kama watoto wake mwenyewe angewafunga vile alivyowafunga watoto wa wengine. Shemeji alitikisa kichwa kwa unyenyekevu, akasema, "Kweli, shemeji, nimekosa." Sikumwangalia mkurugenzi hata mara moja. Nilijua amesimama wapi.

Nilipoishiwa pumzi, mkurugenzi alinishika bega.

"Vizuri, sitwayeni. Umugombeze. Bashofere habasikii."

Akatoka. Hata haikumgusa.

Shemeji alikuwa anacheka, ameshika mbavu, anatuomba tusimchekeshe. Dada yangu hakucheka. Alifunika uji, akanitazama.

"Yaya, ile gari, kesho nani ataendesha?"

Nikamwambia amepewa baba mmoja wa Lukafu, mgeni kazini, anayekaa njia ya pili kutoka kwetu.

"Basi yale maneno yote," akasema, "umepotezea hapa juu ya nini? Enda umuambie yeye."

Nilimkuta yule baba na watoto wake wameketi kwenye bukari, ugali wa kwetu, mikono ndiyo kwanza wamenawa. Alinikaribisha. Sikungoja amalize kula, nikaanza kumweleza habari ya vidole viwili.