Kiwango cha Kinyozi

Kinyozi ana mashine ya sataranji kwenye benchi la wateja, na kazi ya kuchagua kiwango cha ugumu hamwachii mtu. Mteja akiingia anatazama saa kila dakika, kinyozi anambonyezea kiwango cha nane, na jamaa anazama kwenye ubao mpaka anasahau kwamba alikuwa na haraka. Aliyekuja na uso kama shati lisilopigwa pasi anawekewa cha kwanza. Akishashinda, anakalia kiti huku anatabasamu, na hata nywele zikipishana urefu hasemi neno.

"Fundi, mashine yako nimeigaragaza!" dereva wa lori alitamba jana.

"Wewe kiboko," kinyozi alimjibu, anajiuma mdomo asicheke.

Jioni alirudi nyumbani amenuna, miguu inamuuma kwa kusimama kutwa. Baada ya kula, mkewe akatoa ubao wao wa mbao, wakaanza kucheza, na kinyozi akamsimulia habari ya dereva.

"Unawadanganya watoto wa watu," mkewe alisema.

"Nawadanganya wapi? Nawatuliza tu. Mtu ukishamsoma, hakusumbui."

Akasogeza malkia wake, na mfalme wa mkewe akakosa pa kukimbilia. Kinyozi akajipiga kifua, maumivu ya miguu ameshayasahau.

"Hongera, mume wangu," mkewe alisema, akipanga kete upya taratibu. "Ulivyoingia umenuna vile, nikaona leo nikuwekee cha kwanza."