Muzee wa Mapendo na Mashini Yake ya Kahawa

Ametutoka yule muzee wa mtaa wetu wa Mapendo ambaye majirani wote walimwita mutu wa mashini. Amefia kitandani mwake, mchana, madirisha wazi, watoto wake wamemzunguka, na katika mji wetu wa Goma hilo peke yake ni ushindi. Lava ilimkosa, mabomu yalimkosa, na wale wote waliokuja kutukomboa kwa bunduki walimkosa pia. Habari ilinikuta namwogesha mwanangu. Nililia kwanza, kama mtu yeyote. Halafu nikaenda kwenye kilio, na huko nikasikia maneno yaliyonikausha machozi. Mwanaume mmoja, kajilaza kwenye kiti cha plastiki, miguu kainyoosha mpaka wapita njia wanairuka, alikuwa anamwambia mwenzake: “Muzee alikuwa mutu muzuri, lakini ameacha nini? Mashini ya kahawa tu. Maisha yote kupangusa mashini!” Mwenzake akacheka. Wanaonisoma hapa kila wiki wanajua hasira yangu haipangi foleni. Nikasimama mbele yake. “Papa, hiyo kahawa unakunywa imetoka wapi?” Akaangalia kikombe. “Si ni hapa hapa.” “Imetoka kwenye hiyo mashini. Basi rudisha kikombe.” Hakurudisha. Alikunywa mpaka tone la mwisho, huku ananitazama kwa jicho la pembeni.

Kwa hiyo leo naandika nikiwa bado na moto, na sitazunguka. Kama si muzee yule na usafi wake, mwanangu leo angekuwa analelewa na ukoo wa baba yake huko Masisi, na mimi ningekuwa namwona sikukuu hadi sikukuu, kama mgeni. Hayo ndiyo mashini ya kahawa iliyoniepusha nayo, na wanaodhani naongeza chumvi wasome mpaka mwisho.

Muzee alikuwa mtu wa Maniema kwa asili, mwislamu wa swala zote, na maisha yake aliyatumia barabarani akiendesha malori, Goma na Butembo, Goma na Kisangani, enzi ambazo barabara zilikuwa bado zinaitwa barabara. Uzeeni aliwaendesha wageni wa mashirika, na mmoja wao alipokuwa anarudi kwao alimwachia mashini ya kahawa ya nyumbani, ile inayosukuma maji ya moto kwa nguvu katikati ya unga wa kahawa. Ilikuwa imekufa. Mgeni alidhani anampa chuma chakavu. Muzee aliifungua juu ya meza ya chakula, akakuta imejaa chokaa na mafuta ya kahawa yaliyoganda, akasema sentensi ambayo watoto wake wameirudia kwenye kilio: “Haikufa. Walikuwa wanakunywa tu, hakuna aliyeosha.” Akaitunza kama lori. Kila baada ya kikombe, anagonga mabaki ya kahawa, anapitisha maji kidogo, anapangusa mdomo wa mashini. Akichemsha maziwa ya Masisi kwa mvuke, bomba analifuta papo hapo kwa kitambaa kibichi kabla maziwa hayajakauka. Jumamosi anatoa kichujio na kukisugua kwa brashi, anaangalia kama umechoka ule mpira unaozuia maji yasivuje. Yeye mwenyewe, si binti yake, si mfanyakazi. Vijana wa motopiki walikuwa wanampigia kelele getini: “Muzee, unapangusa kama mutoto mwanamuke!” Naye bila kuinua macho: “Na wewe unapangusa nini? Midomo tu.” Nilikuwa mpangaji mpya upande wa pili wa ua, nimetoka kuolewa, na mume wangu alikuwa hajui hata ndoo yetu inakaa wapi. Nilimpenda muzee siku hiyo hiyo.

Jioni ile mlima wetu wa volkano ulipopasuka, mbingu ikawa nyekundu juu ya mabati yetu, watu wakamwagika barabarani na magodoro kichwani, mbuzi, sufuria, bibi mgongoni. Binti yake mkubwa alikuwa getini anapiga yowe: “Papa! Moto unakuja! Unafanya nini huko ndani?” Muzee alikuwa jikoni anafanya vidange, ndivyo alivyoita kazi ya kumwaga maji yote ya mashini, kama vile dereva anavyomwaga oili ya zamani. “Gari haliachwi na maji ndani,” akajibu. “Yataoza.” “Papa, volkano itaiyeyusha!” “Itayeyuka safi.” Alimaliza, akaacha mfuniko wazi hewa iingie, akafunga mlango kwa ufunguo, na ndipo akatoka kutembea kuelekea Sake na sisi wengine. Nilidhani ni wazimu. Tuliporudi lava ilikuwa imesimama kabla ya kufika kwetu, na nyumba nyingi zilinuka uvundo wa vitu vilivyoachwa, lakini jikoni kwake kulinuka kahawa.

Lakini msimgeuze mtakatifu, alikosea na yeye, na kosa lake ni letu sote. Mabomba ya maji yalikuwa yameungua, mji mzima ukawa unakinga mvua kwenye mabati. Muzee akafurahi, maana maji ya ziwa letu ndiyo yaliyokuwa yanamwachia chokaa ndani ya mashini. Akajaza tangi maji ya mvua, akamshukuru Mungu. Akasahau kwamba mvua ile ilikuwa inapita ndani ya moshi wa volkano kabla ya kutufikia. Baada ya muda kahawa ikawa na ladha ya msumari, na alipofungua akakuta shaba ya ndani imeanza kuliwa na kutoa kijani. Mwanaume mwingine angesema mashini ni ya bei rahisi, au mke wa jirani ameiroga. Yeye alisimama getini akamwambia kila aliyepita: “Nimekosa, bwana! Nimeingiza gari kwenye mtaro mimi mwenyewe!” Halafu akairekebisha. Tangu hapo ilikuwa maji ya ziwa, yachemshwe, yaachwe yatulie mpaka chokaa ikae chini, yamiminwe taratibu yale ya juu peke yake, na mara kwa mara mashini inyweshwe maji ya ndimu ili chokaa iliyopenya itoke.

Kisha waasi wakaingia mjini. Sitaeleza tuliyoyaona karibu na kambi ya Katindo, mliokuwepo mliyaona. Baba wa mwanangu alikuwa ameondoka kabla, kutafuta maisha, na simu yake ikanyamaza. Benki zilifungwa. Shule ya watoto wadogo nilikokuwa nafundisha ilifungwa. Nikabaki na mtoto wa kunyonya na diploma yangu ya sekondari, ambayo hailiwi. Shemeji yangu akaja, hakukaa hata chini. “Mutoto ni wa ukoo. Huna kazi, huna bwana. Mwisho wa wiki nitakuja na shangazi, tutamupeleka kwa bibi yake.” Nikamwambia: “Ukimgusa nitakung’ata.” Akasema: “Kung’ata si kazi.” Hapo alisema kweli, na ndiyo maana nilimchukia zaidi.

Nikavuka ua kwa muzee. Alikuwa tayari kitandani, miguu imevimba, hasimami. “Papa, niazime mashini. Niuze kahawa hapa sebuleni kwako.” “Siazimi,” akasema. “Utaiosha. Ukijua kuiosha, utapika.” Basi nikaosha chini ya sauti yake iliyotoka chumbani, “Mpira umeuangalia? Bomba umelifuta? Usinidanganye, nasikia!” na nilipoanza kupika, sebule ilijaa: walimu bila mishahara, madereva bila barabara, akina mama waliotaka tu kukaa mahali wasikie harufu njema. Kahawa ya milima yetu wenyewe, ambayo siku zote tuliipakia magunia iende kwa wengine, huku sisi tunakoroga unga wa kopo!

Asubuhi ambayo shemeji alirudi na shangazi ya mume wangu, mashini iliziba. Pampu inanguruma, tone halitoki. Wateja wameketi, mwanangu yuko mgongoni, shemeji amesimama mlangoni anatabasamu. “Ndiyo hii kazi yenyewe?” Nikasikia muzee kutoka chumbani: “Zima! Usiilazimishe! Ni chokaa. Tafuta ndimu!” Nilikimbia kwa mama anayeuza matunda pembeni ya njia, nikarudi nakamua kama mwenda wazimu. “Chuja!” muzee anapiga kelele. “Kokwa moja ikiingia, umeiua!” Chujio halikuwepo, nikachuja kwa nepi mpya ya kitambaa ya mtoto. Shemeji akacheka: “Shangazi, tumekuja kuona kazi, tunaona kukamua ndimu.” Shangazi akamwambia: “Nyamaza, kaa.” Nikamimina tangini, nikawasha ipate moto, nikazima, nikaiacha ilowe. Kusubiri kule kulikuwa kurefu kuliko njia yote ya Sake. Nikawasha tena. Ikakohoa. Ikatoa maji meupe kama uji, yenye vipande vya mawe. Ikatoa tena, na tena, mpaka yakawa maangavu. Nikasuuza tangi kwa maji safi, nikapitisha maji mengi mpaka ladha ya ndimu ikaisha, nikaweka kahawa, na ikashuka, nyeusi, nzito, na povu la rangi ya asali juu! Sebule ilipiga makofi. Kule chumbani muzee alisema “Alhamdulillah” kwa sauti ambayo mgonjwa hana haki ya kuwa nayo. Kikombe cha kwanza nikampa shangazi. Alikunywa bila haraka. Kisha akamgeukia shemeji: “Mutoto atabaki na mama yake. Hapa kuna kazi. Twende, na ulipe vikombe vyetu.”

Nimefikiria sana tangu siku ile. Mji wetu umeshikwa na wengi, kila mmoja anasema ni wake, na sijamwona hata mmoja akizibua mtaro. Wanakunywa, hawaoshi. Nyumbani kwetu ni hivyo hivyo: mwanaume anaita nyumba yake, lakini hajui kitambaa cha meza kinafuliwa lini, na ukoo unaita mtoto wetu, lakini haukuwahi kuamka kumbadilisha. Nami nasema, mwenye kitu ni yule anayekiosha. Wengine wote ni wageni, hata wakija na bunduki, hata wakija na cheti.

Baada ya maziko, wana wa marehemu walikaa kugawana. Mmoja alisema mashini iuzwe. Binti mkubwa akauliza swali moja: “Papa aliposhindwa kusimama, ni nani alikuwa anaiosha?” Wakanigeukia mimi. Jibu lilikuwa limekaa pale na mtoto mapajani. “Basi ni yake,” akasema, “na kesho tutakuja kunywa.” Nimeibeba mwenyewe, nikavuka nayo ua, imetulia sasa mezani kwangu. Asubuhi nitatoa kichujio, nitakisugua, nitapitisha maji, nitalifuta bomba, na mwanangu atakuwa anaangalia kutoka mgongoni. Ni mvulana. Akiweza kusimama vizuri, nitampa kitambaa.