Mlio wa Kona ya Mkaa

Nyumbani kwetu Kiwalani tunaishi chini ya njia ya ndege. Ndege ikishuka kwenda kutua, mazungumzo yote hukatika. Muuza nyanya huacha bei mdomoni, mwenye umbea huacha umbea wake pale pale unapokolea, tunatazamana tu, na ikishapita kila mtu anaendelea na neno lililofuata. Wageni hudhani tumegombana. Mimi niliyekulia hapo, nikienda Msasani, mbali na njia hiyo, naona watu wa huko wanaongea bila kupumua.

Baba alikuwa dereva wa lori, akileta korosho kutoka kwao kusini hadi maghala ya Kurasini. Alipostaafu alibaki na gari dogo la mtumba na masikio yake. Jioni alijilaza barazani, macho kayafumba, akiyapima magari ya wapita njia kwa kuyasikiliza: huyo beringi imekufa, yule mkanda umelegea, hafiki Vingunguti. Mara nyingi ilikuwa kweli. Na alikuwa na sheria moja aliyotoka nayo kwenye malori: dereva haambiwi gari lake. Utingo aliyethubutu kusema "bosi, nasikia kitu" alimaliza safari juu ya magunia.

Kwa hiyo breki zake zilipoanza kulia, hatukumwambia.

Mwanzoni zililia asubuhi tu, tukasema umande. Baadaye zikalia kutwa. Akifika kwenye kona ya muuza mkaa, kabla ya kuingia uchochoro wetu, mlio mwembamba ulipanda, ukanyooka, ukafifia, na mama akainuka kupakua wali. Niseme kweli, niliupenda mlio ule. Mchana wa jua la utosi, nimejinyoosha kwenye mkeka, nusu niko hapa nusu sipo, niliusikia unakuja kama mtu anayeimba kwa pua, nikajua baba amerudi na binti yangu kutoka chekechea, nikauachia usingizi unichukue. Kila mmoja wetu aliamini kwamba mzee anasikia na ana sababu zake. Tukafunika kombe.

Kilichonizindua ni ndege. Siku moja tulikuwa tunakula, ikapita chini kabisa, tukanyamaza wote na matonge mkononi. Baba akaendelea kuongea. Midomo yake ilicheza ndani ya ngurumo ile, hakuna aliyemsikia, na yeye mwenyewe hakujua. Ndipo nikaelewa kwamba siku hizi alikuwa akitusoma midomo. Kila asubuhi binti yangu alikaa kiti cha nyuma cha gari lile, kwenye barabara ya malori ya makontena.

Lakini utaanzia wapi? Kumwambia breki zinalia ilikuwa ni kumwambia masikio yamekwisha. Mama alinikata jicho kabla sijafungua mdomo. Nikatafuta njia ya kuzunguka. Jumapili asubuhi, mvua imeacha uwanja mzima unang'aa, nilimfuata barazani na pakiti ya pedi mpya za breki.

"Shikamoo baba."

"Marahaba binti yangu."

"Nataka unifundishe kubadilisha pedi za breki."

"Zangu nzima hizo. Zingekuwa zimeisha ningesikia."

"Basi tufanye kwa mazoezi tu."

Akacheka, akaenda kuvaa shati lake la grisi. Kufundisha ndiyo ilikuwa sukari yake.

Tuliweka matofali nyuma ya magurudumu. Alinifanya nilegeze nati kabla ya kupiga jeki, tairi bado liko chini, maana likining'inia litazunguka tu na spana yako. Gurudumu lilipotoka, tulilisukumia chini ya gari, ili jeki ikitusaliti lidake gari. Akafungua kile chuma kinachozibana pedi kwenye diski, akakifunga juu kwa waya kisije kikaning'inia kwenye mpira wa mafuta ya breki. Mikono yake ilikwenda polepole, na mimi nilikuwa naitazama kama naota, nimesahau kilichonileta.

Akachomoa pedi. Akaipitisha kidole gumba, akaipitisha tena. Nyama ilikuwa imeisha kabisa, kimebaki chuma, na diski imechimbwa mistari. Pembeni palikuwa na kibati kidogo kilichosuguliwa mpaka kinameta.

"Unakijua hiki?" aliuliza, hanitazami. "Kazi yake kupiga kelele tu. Pedi ikikaribia kuisha, kinagusa diski, gari inalia. Hakina adabu ya kunyamaza." Kisha akaniinulia macho. "Ilikuwa inalia?"

Ningeweza kusema hapana. Mama alikuwa mlangoni na ungo wa mchele, akiniomba kwa macho niseme hapana.

"Ilikuwa inalia, baba. Toka kabla ya mvua."

"Mnasikia wote?"

"Wote."

"Na mtoto nabeba mie?" Akaiweka pedi chini. "Nyie watu! Heshima gani hiyo?"

Nililia palepale, spana mkononi, na yeye akaniacha nilie. Kisha akarudi kwenye kazi: diski hii haifai, nenda kanunue nyingine. Nilikwenda, nikarudi. Tuliazima kibano cha jirani seremala, tukairudisha ndani taratibu pistoni inayozisukuma pedi, zile mpya zikaingia, upande mmoja kisha wa pili. Nilipofunga nati ya mwisho alinipa funguo. Hakusema kama ni za leo au za siku zote.

"Kanyaga kwanza, gari imesimama. Kanyaga mpaka pedali iwe ngumu, ndo uondoke. Ukisahau hilo unaingia ukutani kwa watu."

Nilizunguka mtaa, yeye kando yangu, kiganja kwenye dashibodi akisikia kwa ngozi. Kwenye kona ya mkaa nilikanyaga. Gari likatulia bila neno. Tulifika nyumbani hakuna aliyetoka, wali ulikuwa bado jikoni.

"Mmefika saa ngapi?" mama alishtuka. "Mbona sijawasikia?"

"Kesho mtoto atapelekwa na mama yake," baba alisema.

Nilifungua mdomo nimjibu, ndege ikapita. Nikanyamaza, mama akanyamaza na ungo wake. Baba alikuwa akiitazama midomo yetu. Akanyamaza na yeye, akasubiri mpaka nilipoanza tena.